Jiko Tulilolichagua kwa Sababu ya Birika

Naandika haya kwa ajili ya mama yeyote wa huku kwetu Coyhaique aliyepata barua ya serikali ya kubadilishiwa jiko na hajui achukue lipi. Shule yangu iliishia darasa la sita, mambo ya mafundi siyajui. Lakini jambo moja nalijua, kwa sababu lilitaka kunichukulia mtoto. Soma mpaka mwisho kabla hujatia sahihi.

Barua yetu ilikuja mwezi wa tatu, baridi bado haijaanza kuuma. Unatoa jiko lako la kuni, linabebwa na kwenda kuvunjwa, na badala yake unapewa jiko la peleti. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vipande vidogo vigumu. Jirani yangu Eduvina alipoviona mara ya kwanza aliviita chakula cha kuku, na mpaka leo hana jina jingine. Vinaungua vizuri na moshi wake ni kidogo sana.

Na moshi ndio uliokuwa adui yangu. Mji wetu umekaa katikati ya milima kama mchuzi ndani ya bakuli. Kipupwe kikiingia, siku isiyo na upepo, moshi wa kila nyumba unatulalia juu mpaka nguo zilizoanikwa zinanuka. Yanira wangu alikuwa na miaka minane, na kifua chake ukikisikiliza ilikuwa kama paka anakoroma ndani. Vipupwe viwili mfululizo nimelala naye hospitali. Daktari aliniambia mara ya pili, tena kwa ukali, "Mama, jiko la kuni ndani ya nyumba ya mtoto huyu litoke."

Kulitoa kulikuwa suala la Bi Uberlinda, mama mkwe wangu, maana nyumba ni yake. Marehemu mumewe aliijenga kwa mikono, ubao kwa ubao, na jiko lile la kuni aliliteremsha yeye mwenyewe kutoka kwenye gari la ng'ombe. Bi Uberlinda alikuwa akiamka kabla ya watu, anawasha, anaweka birika juu, na birika lile halikushuka mpaka jioni. Maji yake ndiyo ya yerba, majani yetu makavu tunayokunywa kama chai. Anakunywa kwa mrija wa chuma kutoka kwenye kibuyu, ananijazia, ananipa, namrudishia, anajaza tena. Siku tukigombana ananipa kibuyu bila kuniangalia, lakini ananipa.

Nilipomsomea barua alisema, "Kama ni kwa ajili ya kifua cha mtoto, wachukue. Wakitaka, na mimi wanichukue, wanivunje vyuma." Halafu akauliza swali moja tu. "Hilo jipya, birika linakaa wapi?"

Nikampigia simu mume wangu Nibaldo. Yeye yuko kwenye vizimba vya samaki huko kwenye mikono ya bahari, siku kumi na nne kazini, siku saba nyumbani.

"Chagua wewe, Edita," akasema.

"Kwa nini mimi? Mama ni wako."

"Ndiyo maana. Nikichagua mimi atanilaumu. Ukichagua wewe mtalaumiana wenyewe kwa wenyewe, na mimi niko na samaki wangu. Samaki hawagombani."

"Ukirudi utalala nao."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Maonyesho ya majiko yalifanyika Jumatano kwenye ukumbi wa mtaa. Nilienda na Bi Uberlinda, na Eduvina akatufuata ingawa yeye barua hakupata. Majiko yalikuwa mawili. La kwanza refu, jembamba, juu limefunikwa plastiki, lina feni inayopuliza joto. Nyuma lina bomba lake la pili, la kuvutia hewa kutoka nje ya nyumba. La pili fupi, pana, halina feni, kimya, na juu lina bati zito la chuma. Hilo halikuwa na bomba la kuvutia hewa. Linavuta hewa ya chumbani humo humo mlimo.

Fundi alikuwa binti mmoja, Fresia, mpole, na alitueleza yote. Sitaki mtu aseme hakutueleza. Alisema jiko refu lina kelele kidogo lakini halina haja na hewa ya chumba. Alisema fupi ni zuri pia, ila ukutani lazima litobolewe tundu la ukubwa wa kikombe, la kuingiza hewa mpya, na tundu hilo halizibwi kamwe. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Bi Uberlinda hakusikia, kwa sababu wakati huo alikuwa ameinama anapapasa bati la lile fupi.

"Hili linapata moto?" akauliza.

"Linapata, bibi. Maji hayatachemka haraka kama kwenye kuni, lakini yatakaa moto."

"Yerba haitaki maji ya kuchemka. Anayechemsha maji ya yerba hajalelewa."

Fresia akawasha lile refu ili tusikie. Likavuma.

"Eh!" Eduvina akaruka. "Hilo si jiko, hiyo ni saluni ya nywele!"

"Utaongea nalo, litakujibu," akasema Bi Uberlinda. "Na birika nikiweka juu yake, plastiki itanywa yerba pamoja nami."

Watu wakacheka ukumbi mzima, na mimi nikacheka. Fresia akaniegemea, akanong'ona, "Dada, kama mtoto ana kifua na nyumba ni ya mbao za zamani, mimi ningechukua refu." Nikamwangalia mama mkwe wangu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya lile bati, umetulia pale kama juu ya kichwa cha mjukuu. Alikuwa amekubali kuvunjiwa jiko la mumewe bila kunipigia kelele hata siku moja. Nikafikiri, mama wa watu ametoa hili lote kwa ajili ya mwanangu, nami nimnyime birika?

Nikatia sahihi kwenye lile fupi. Sikuchagua kwa akili, nilichagua kwa mapenzi. Sisemi mapenzi ni mabaya. Nasema mapenzi hayajui kupima hewa.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana kuchagua fupi hakukuwa kosa. Kuna nyumba nyingi zina fupi na wanaishi salama.

Siku ya kuja mafundi, Bi Uberlinda alikataa kushuhudia jiko la mumewe likitolewa. Akavaa shali, akaenda kwa Eduvina kukaanga maandazi ya mafuta ya kondoo mpaka mambo yaishe. Kwa hiyo tundu lilipotobolewa hakuwepo. Walilitoboa karibu na sakafu, upande wa dirishani, wakaweka wavu wa bati ndani na nje. Fresia akaniambia tena: "Hili halizibwi. Mwambie kila mtu wa nyumba hii." Nikasema ndiyo, ndiyo.

Nami sikumwambia.

Mtu wa kwingine hataelewa kwa nini, lakini mwanamke wa huku ataelewa. Huku sisi upepo ndani ya nyumba ni aibu. Kila mwaka baridi ikianza, Bi Uberlinda anazunguka kuta zote na mshumaa uliowashwa. Anaupitisha polepole kwenye kila kiungo cha mbao, na mwali ukiinama, hapo upepo unaingia. Anatoa kisu na sufi ya kondoo, anashindilia mpaka mwali usimame wima. Alifundishwa na mamake, na alinifundisha mimi nilipoolewa. Mwaka wa kwanza niliacha nyufa mbili, akamwambia Nibaldo, "Mkeo ni mzuri, ila anaalika wageni." Sasa mtu wa namna hiyo nimwambie kwamba nimeruhusu ukuta wa mumewe utobolewe tundu la kupita ngumi, na baridi iingie kwa hiari yetu? Nilimwogopa. Nikasema nitamwambia kesho. Nikavuta kiti chake kikubwa cha manyoya nikakiweka mbele ya tundu. Alipouliza kwa nini kiti kimehama, nikasema, "Uone barabara vizuri, mama."

"Umekuwa mwema ghafla," akasema. Lakini alikaa.

Wiki tatu tuliishi kwa raha. Birika juu ya bati, nyumba ina joto la kutulia, na Yanira alilala bila kukohoa. Mimi nilikuwa nikiamka kumsikiliza, nikisikia kimya, nikaogopa, nikaweka kiganja mdomoni mwake kuhakikisha anapumua. Anapumua, kimya kimya, kama watoto wengine. Nililia kwa furaha, nikaona nilichagua vyema.

Bi Uberlinda ndiye aliyekuwa halali vizuri kwa kufikiri. Alikuwa akisema, "Miguu yangu inapata baridi hapa kitini. Pana kitu." Nikamletea blanketi. Akasema, "Na mtoto anakaa hapa chini miguuni kwangu akichora. Upepo unampiga mgongoni huyu." Nikamletea mkeka mnene. Ningesema neno moja tu. Sikusema.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, theluji ilikuwa imeanguka na upepo hakuna. Baada ya chakula cha mchana nilienda na Eduvina kununua magunia ya peleti, na foleni ilikuwa ndefu, maana kila mtu aliogopa zitaisha. Nilikaa huko muda wa karibu saa tatu. Nyumbani nilimwacha Yanira na bibi yake.

Tuliporudi, Eduvina kabeba gunia begani kama mwanamume, aliingia kwanza. Akasimama mlangoni.

"Edita, mbona kioo cha jiko lako ni cheusi?"

Niliangalia. Kioo kilikuwa na masizi, na nyuma yake mwali mvivu wa rangi ya chungwa, si ule mweupe unaorukaruka. Bi Uberlinda alikuwa kitini, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Yerba imenipanda kichwani leo," akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Na huyu kalala tangu... kalala tu. Katapika kidogo, kalala."

Yanira alikuwa mkekani. Nikamwita. Nikamtikisa. Alifumbua jicho moja, akafumba. Mimi nikafikiri kifua, nikakimbilia pampu yake ya dawa, nikaanza kumpulizia mdomoni, nikipoteza dakika. Eduvina ndiye aliyepiga kelele, "Acha pampu, mwanamke! Toa mtoto nje! Hii ni kama makaa!"

Sote tunajua habari za karai la makaa, kwamba hulali nalo ndani, maana hewa yake haina harufu na inaua. Hakuna anayefikiri jambo hilo kwa jiko jipya lenye kioo na vitufe. Nilimbeba mwanangu nikatoka naye kwenye theluji, na Eduvina akamburuta Bi Uberlinda, nusu ya njia akiwa na kiti chake, mlango ukiwa wazi kabisa. Jirani wa mbele alileta gari. Njia nzima nilikuwa nikisema jina la Yanira. Sikusema kitu kingine, wala sala sikuikumbuka.

Hospitali waliwawekea wote wawili barakoa za hewa safi, vitanda jirani. Daktari, si yule mkali, mwingine kijana, akaniuliza nina jiko gani. Nikamwambia. Akauliza, "Chumba kina tundu la hewa?"

"Kina!" nikasema. "Kina, daktari, nakuapia! Walilitoboa mbele yangu! Halijazibwa!"

Kwenye kitanda cha pili Bi Uberlinda akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule anayejua jibu na asingependa kulijua. Akavuta barakoa pembeni.

"Limezibwa," akasema. "Mimi."

Nikageuka kumwangalia.

"Leo baada ya nyinyi kutoka niliwasha mshumaa," akasema. "Nikatafuta. Nilipofika nyuma ya kiti, mwali ulizimika kabisa. Nikainama nikaona tundu, nikasema, hawa mafundi wamesahau kazi nusu. Nikang'oa ule wavu wa bati. Sufi niliyokuwa nayo haikutosha. Nikashindilia soksi." Machozi yakaanza kumteremka, yakiingia kwenye barakoa. "Soksi mpya, Edita. Ile ya sufi nyeusi, niliyokuwa namfumia yeye mwenyewe. Nikasema mgongo wake upate joto."

"Rudisha barakoa, bibi," daktari akasema, taratibu.

Yanira alifumbua macho saa mbili usiku. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba kichwa kinamuuma, na cha pili, "Mbona bibi amevaa kama rubani?" Hapo nilikaa sakafuni. Daktari alisema saa moja zaidi mle ndani na yeye asingekuwa na la kutuambia. Maneno hayo nayaandika kama alivyoyasema. Nataka nawe uyabebe.

Walirudi nyumbani baada ya siku mbili. Nibaldo alikuwa ameomba ruhusa, kaja kwa mashua na basi bila kulala, akamkumbatia mamake, akamkumbatia binti yake, akatoa soksi ile tunduni. Fresia alikuja siku hiyo hiyo, akasafisha jiko, akapima hewa kwa chombo chake, akatufungia kengele ndogo ukutani inayolia hewa mbaya ikizidi. Nilimwomba alichukue jiko atupe lile refu lenye kelele. Akasema haiwezekani, nyumba moja hupewa mara moja, nami nilitia sahihi. Ni kweli, nilitia.

Alipoondoka, nilimkuta Bi Uberlinda chumbani kwake anakunja nguo. Sanduku lilikuwa wazi kitandani.

"Naenda kwa binti yangu Puerto Aysén," akasema. Hakuniangalia. "Mtu anayetaka kumuua mjukuu kwa soksi hana kazi hapa. Yeye huko ana watoto wakubwa, wanajiangalia."

"Mama, usiende."

"Usinihurumie, mke wa Nibaldo."

Huniita hivyo akiwa na uchungu. Akinipenda huniita mwanangu. Nikafunga mlango ili Nibaldo asisikie, kisha nikaona hapana, naye asikie, nikaufungua tena.

"Mama, nilijua," nikasema. "Nilijua lile tundu lipo. Nilijua halizibwi. Nimeambiwa mara mbili. Kiti nilikiweka pale kulificha, usilione. Barabara ilikuwa uongo. Niliogopa utasema naalika wageni."

Shati alilokuwa akikunja lilibaki hewani.

"Ulinificha," akasema taratibu. "Mimi."

"Ndiyo."

"Ukuta wa mume wangu. Ndani ya nyumba yangu. Nimekaa juu ya tundu wiki tatu kama kuku juu ya yai, na wewe unaniletea blanketi!"

"Ndiyo, mama."

"Na mkeka!"

"Na mkeka."

"Nibaldo!" akapiga kelele. "Nibaldo, njoo usikie alichofanya mkeo!"

Nibaldo akatokea mlangoni, akatuangalia wote wawili, akaona sanduku, akarudi nyuma hatua moja. "Nina samaki wa kuangalia," akasema, ingawa samaki wako mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani.

Bi Uberlinda alinigombeza muda mrefu. Aligombeza mpaka mashavu yakarudiwa na rangi. Alianza na tundu, akapitia supu niliyoichoma mwaka nilioolewa, akapitia jinsi ninavyokaanga maandazi yakanyonya mafuta, akarudi kwenye tundu. Sijawahi kugombezwa nikafurahi hivyo. Nilisimama nikilia, naye analia akigombeza, na katikati ya maneno alikuwa akitoa nguo sandukuni moja moja na kuzirudisha kabatini, kwa hasira, akizibamiza.

"Wala siendi popote," akasema mwisho. "Nikienda, nani atakaa na mtoto huyu? Wewe? Wewe unayeficha matundu? Siku moja utaficha paa!" Akafunga kabati. "Nenda kaweke birika, mwanangu. Na kiti hicho kitoke pale. Kiwekwe mbali, tundu lionekane na kila anayeingia, hata padri."

Mama mwenzangu, ukiweza chagua lile refu, hata likivuma kama saluni. Ukichagua fupi, siku ya kutobolewa ukuta waite wote wa nyumba yako wasimame pale, hasa yule mzee anayejua kuziba. Mshikishe mkono kwenye tundu ausikie upepo. Mwambie mbele ya fundi kwamba baridi hii ndiyo inayomwacha mtoto hai. Atanuna. Mwache anune.

Yanira sasa ana miaka tisa na anachora mezani. Soksi nyeusi anaivaa, na ya pili imekwisha fumwa, kwa hiyo anazo mbili. Bi Uberlinda anakunywa yerba miguu ikiwa baridi na anamlalamikia kila mtu. Nami bado naamka kusikiliza, lakini sasa nasikiliza vitanda viwili.